Shangazi na Beseni la Ikweta

Shangazi yangu alifundisha jiografia katika shule za msingi huko Kilimanjaro mpaka akastaafu. Kuhusu ikweta aliwapa watoto sentensi moja, nao wakaikariri kwa sauti ya pamoja: ni mstari wa kufikirika unaoigawa dunia katika nusu mbili zilizo sawa. Anachora duara ubaoni, anapitisha chaki katikati, kengele inagongwa. Yeye mwenyewe hakuwa ameuvuka. Tanzania yote iko kusini. Hata pale Mutukula, ambako mpaka wetu na Uganda unafuata latitudo ya nyuzi 1, bado zinabaki kilomita 111 kuufikia.

Kwa hiyo kijana wa ukoo wetu alipopata mchumba wa Masaka na kadi za harusi zikaanza kusambazwa, Shangazi hakuuliza habari za michango wala sare. Aliuliza njia. Binamu yangu wa Nairobi, ambaye ndiye mwenye gari, akamtajia: Nairobi, Nakuru, Kisumu, Busia, Kampala, Masaka.

"Na Nanyuki?"

Binamu akacheka kidogo. Nanyuki haiko njiani kabisa. Iko kaskazini, nyuma ya milima ya Aberdare, na anayekwenda Kisumu hana kazi nako. Akamweleza kwa adabu kwamba ikweta tungeivuka tu, iwe kwa kupenda au kwa kutopenda, kule Maseno, kisha tungeivuka tena baada ya Kampala.

"Huko hakuna mlima," Shangazi akajibu. "Tunaanzia Nanyuki."

Tulitoka Nairobi alfajiri kwa barabara ya Thika. Baada ya Sagana barabara inaanza kupanda, na unapofika Karatina unaona ni kwa nini watu wanalitaja sana soko lake: magunia ya kabichi, viazi, karoti, akina mama waliojifunga leso juu ya sweta mbili. Tulinunua maparachichi ambayo Shangazi alidai ni makubwa kuliko ya Rombo, jambo ambalo sijawahi kumsikia akilikiri mbele ya Mrombo. Kuanzia Kiganjo hewa ikawa kavu na baridi. Mlima Kenya ulikuwa kulia kwetu, vilele vyake vikali vikionekana vizuri, lakini tulipokaribia Naro Moru mawingu yalikuwa yameshaanza kuvifunika. Wenyeji watakuambia: mlima huu ni wa watu wanaoamka mapema.

Shangazi akatupa somo hapohapo garini. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai na kuandika kamusi ya Kiswahili, aliuona mlima huu kutoka Ukambani mwaka 1849. Mwaka mmoja kabla yake, mwenzake Rebmann alikuwa ameuona Mlima Kilimanjaro. Walipoandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu na ikweta, walichekwa. Mmoja wa waliowakejeli zaidi alikuwa William Cooley, mtaalamu wa jiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Yeye alijua kutoka mezani kwake kwamba jambo hilo haliwezekani.

"Tatizo hawakuwa na picha," binamu akasema huku akipita lori.

Kibao chenyewe kiko kandokando ya barabara kuu, kusini kidogo ya mji. Ukiwa na mwendo utakipita. Ni bango la manjano lenye ramani ya Afrika, limeandikwa kwa Kiingereza kwamba liko juu ya ikweta, futi 6,389 kutoka usawa wa bahari. ("Mita 1,947," Shangazi akasema kabla mlango wa gari haujafunguka.) Nyuma yake kuna vibanda vya vyondo, shanga, shuka za Kimasai na vinyago vya mawe ya Kisii. Barabara yenyewe haina kitu. Lami inatoka nusu moja ya dunia na kuingia nusu nyingine bila hata ufa.

Nilichokuja kukigundua ni kwamba hakuna anayepiga picha ya kibao. Nilikaa pale muda wa kutosha, na sikuona mtu aliyeinua simu akapiga bango peke yake kisha akaondoka. Lazima awepo mtu mbele yake. Na mtu huyo hawezi kusimama tu kama anavyosimama benki. Ni lazima afanye kitu, kwa sababu mahali penyewe hapafanyi kitu. Maporomoko ya maji yanajipigia pozi yenyewe. Hapa mzigo wote uko kwa mgeni.

Basi wageni wanauchukua. Pozi la kwanza ni lile la kutanua miguu, mmoja kaskazini na mmoja kusini, mikono kiunoni. Wapendanao wanasimama kila mmoja upande wake na kushikana mikono juu ya mstari, au wanabusiana juu yake, kama wana ujasiri mbele ya akina mama wa vyondo. Vijana wanaruka, na mpiga picha anawarudisha mara kwa mara mpaka simu iwakamate wakiwa hewani. Lilikuja basi la wanafunzi wa sekondari. Walimu wao wakawapanga mistari miwili, kusini na kaskazini, kisha pakazuka ubishi mkali kuhusu nani alikuwa "nusu ya baridi". Walikuja waendesha baiskeli waliokuwa wakitweta. Hao hawakutanua miguu, waliinua baiskeli juu ya vichwa. Mzungu mmoja kijana alijilaza kifudifudi barabarani kichwa kikiwa kusini na miguu kaskazini, akaondoka haraka baada ya honi ya lori la maziwa kumkumbusha kwamba ile ni barabara.

Na kulikuwa na mzee mmoja mwenye koti zito na kofia, aliyekuwa akingoja matatu ya kwenda Naro Moru. Alikuwa ameegemea nguzo ya kibao tangu tulipofika. Hakuwapisha wageni na hakuwatazama. Ukikusanya picha zote zilizopigwa asubuhi ile, za Waholanzi, za wanafunzi, za maharusi, utamkuta katika kila moja, amekasirikia matatu.

Wapiga picha wenyewe ni wauzaji. Mama mmoja wa vyondo alizichukua simu zetu bila kuombwa, akatupanga kwa amri fupifupi: "Songa. Kidevu juu. Wewe mrefu, nyuma. Hapo, mkono usifunike Kenya." Alijua kona ambayo kibao kinaonekana chote na nyaya za umeme hazionekani. Alijua pia kupiga kwa kuchuchumaa ili mfupi aonekane mrefu. Picha hakuitoza. Alipoturudishia simu alisema tu kwamba kibanda chake ni kile cha tatu, na kuangalia ni bure. Huo ndio mkataba wa pale. Haujaandikwa popote na sikuona mtu aliyeukimbia. Binamu alitoka na chondo ambacho mke wake ana vingine kama hivyo nyumbani.

Shangazi alikuwa amekataa kupigwa picha. Alisema kwanza anataka kuuona mstari.

Hapo ndipo alipojitokeza mtu wa beseni. Ukienda Nanyuki utamkuta, kama si huyu basi mwingine: jagi la maji mkononi, beseni dogo lenye tundu katikati, njiti za kiberiti mfukoni. "Karibuni sana. Mama umetoka wapi? Tanzania! Jirani yetu. Njoo nikuonyeshe ikweta kwa macho." Alitaja bei, Shangazi akaipunguza, tukamfuata.

Akatembea hatua kama ishirini upande wa kaskazini. Akageuka, akamimina maji, akadondosha njiti, akaondoa kidole kwenye tundu. "Angalia njiti, Mama, usiniangalie mimi." Njiti ikazunguka taratibu kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Wanafunzi waliokuwa wamejisogeza wakasema, "Eeeh!" Tukavuka kusini, hatua ishirini tena, akageuka, akamimina. Njiti ikazunguka kinyume. Kisha tukasimama pale kibaoni, juu ya mstari wenyewe. Maji yakashuka moja kwa moja, njiti imetulia tuli. Makofi.

Shangazi hakupiga makofi. Yeye aliiangalia miguu ya yule bwana, wala si njiti. Baadaye alinionyesha: kaskazini alikuwa amegeukia upande mmoja wakati akimimina, kusini upande wa pili, na katikati hakugeuka kabisa. Maji yanakumbuka mkono ulioyamimina. Yakishapata msukumo mdogo wa kuzunguka, tundu linauzidisha.

"Kijana," akasema, kwa upole, "hebu rudia kaskazini. Ila sasa weka beseni chini, tusubiri maji yatulie kabisa."

Yule bwana akamtazama kidogo, akatabasamu. Alikuwa ameshaitambua kazi yake. "Mwalimu, wageni hawana muda huo. Gari linawangoja."

Sijasikia jibu la kisayansi lililo sahihi zaidi ya hilo, ingawa sidhani kama alilikusudia hivyo. Nguvu anayoisemea ipo. Imepewa jina la Coriolis, Mfaransa aliyeieleza kwa hesabu mwaka 1835. Mzunguko wa dunia unavigeuza vitu vinavyosafiri mbali, kulia huko kaskazini na kushoto huku kusini. Ila katika beseni ni dhaifu mno, na hatua ishirini kutoka ikweta ni sawa na hakuna. Mwaka 1962, Ascher Shapiro wa MIT kule Marekani alichukua tangi la upana wa karibu mita 1.8, akalijaza, akaliacha litulie saa 24, kisha akafungua tundu dogo sana. Zilipita zaidi ya dakika kumi ndipo maji yakaanza kuonyesha mzunguko: kinyume cha mishale ya saa. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Sydney wakafanya vivyo hivyo, yakazunguka upande mwingine. Kwa maneno mengine, mtu wetu wa Nanyuki, pamoja na ujanja wake wote, alikuwa ameigeuza dunia kinyumenyume. Kaskazini alituonyesha mzunguko wa kusini.

Ikweta ipo, ila si kwenye beseni. Ukitaka kuiona nguvu ile ikifanya kazi, tazama vimbunga. Kimbunga Hidaya, kilichofika pwani ya Tanzania karibu na Mafia mwezi Mei 2024, kilizunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa kama vimbunga vyote vya kusini. Na jirani na ikweta penyewe ni nadra sana kimbunga kuzaliwa, kwa kuwa msukumo wa kukizungusha haupo. Tazama pia saa yetu. Sisi tunahesabu kutoka macheo, na saa moja ya asubuhi inabaki kuwa asubuhi mwaka mzima, kwa sababu huku jua linachomoza karibu wakati uleule Januari na Julai. Mpeleke mtu wa Oslo hesabu hiyo, uone kama atawahi kazini. Tena pale tulipokuwa tumesimama, dunia imefura: kutoka hapo hadi kiini chake ni mbali kwa zaidi ya kilomita 21 kuliko kutoka ncha ya kaskazini, na ardhi inakimbia kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, pamoja na mzee wa matatu na kila kitu. Haya yote hayaingii kwenye picha. Ndiyo maana pakawekwa bango.

Binamu, ambaye hana subira na mambo yasiyopimika, alifungua simu yake asome latitudo. Akaanza kuzunguka vibanda akitafuta sifuri. Tarakimu za mwisho zilikuwa zikirukaruka hata akisimama. Shangazi akamsimamisha na kumpigia hesabu: nyuzi moja kilomita 111, dakika moja karibu kilomita 1.85, sekunde moja mita 31 hivi. "Sasa unataka simu ikwambie unyayo?" Nami nikachangia habari ya Ecuador, nchi iliyopewa jina la ikweta, ambako walijenga mnara wa mawe wenye urefu wa mita 30 na tufe juu yake, kwa kumbukumbu ya Wafaransa waliokwenda kupima dunia katika karne ya 18. Watu wametanua miguu pale tangu miaka ya 1980. Vipimo vya setilaiti vikaja kuonyesha kwamba mstari uko mita 240 hivi kutoka mnarani. Mnara haukuhamishwa, na watu bado wanatanua miguu. Sioni ubaya. Ukiwa umesafiri kutoka mbali namna ile, mita 240 ni umbali wa kwenda chooni.

Tulipokuwa tukijiandaa kuondoka, mtu wa beseni akaleta cheti cha kuvuka ikweta, karatasi ngumu yenye nafasi ya jina. Shangazi akakisoma chote, akakagua tahajia, akakirudisha. Kisha, bila kutuambia, akaenda moja kwa moja kibaoni, akasimama kando ya yule mzee wa matatu, akashika pochi yake kwa mikono miwili, miguu imebana. Hakutanua hata kidogo. "Piga," akasema. Ni picha ya mtu anayesubiri kupewa hati ya kiwanja. Mzee kaikodolea macho barabara, Shangazi kanikodolea mimi.

Aliituma kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wake wa zamani kabla hatujafika Nanyuki mjini. Watu wazima wenye wajukuu wakaanza kuikariri ile sentensi, mmoja baada ya mwingine. Mmoja akamchokoza: Mwalimu, si ulituambia hauonekani? Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, akiwa ameinamia simu: "Hauonekani. Anayeonekana ni mimi."

Maseno tuliipita mchana siku iliyofuata. Nayo ina alama yake kando ya barabara ya Busia, na shule yake maarufu iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1906, ambako alisoma Jaramogi Oginga Odinga. Hakukuwa na mtu wa beseni wala foleni. Vijana wa bodaboda walikuwa wamepaki kwenye mstari wakicheza drafti. Tulishuka, tukapiga picha moja, tukanunua ndizi. Binamu alisema hapa ndipo alipopapenda, kwa sababu hakuna aliyemwita.

Kayabwe, kilomita zaidi ya 70 kutoka Kampala kwenye barabara ya Masaka, ni habari nyingine. Waganda hawakuweka bango. Walijenga pete mbili kubwa nyeupe za zege, moja kila upande wa barabara, jina la nchi juu na la ikweta chini yake, na mstari umechorwa kabisa ardhini. Huhitaji kufikiri ufanye nini. Unaingia ndani ya pete, unanyoosha mikono, unakuwa mshale wa saa. Nadhani ndiyo alama iliyobuniwa vizuri kuliko zote nilizoziona, kwa sababu ina tundu la mtu. Ukiipiga picha ikiwa tupu utaona kabisa kuna kinachokosekana. Wasafiri wa mabasi wanashuka na chapati zilizoviringwa mayai mkononi, wanaingia pete, wanatoka, wanapanda tena, na dereva hajazima injini.

Na beseni lipo. Hapa ni mabeseni matatu, yamesimamishwa kwenye miguu ya chuma, kaskazini, katikati na kusini, na badala ya njiti wanatumia ua dogo. Msafara wetu sasa ulikuwa na magari kadhaa ya upande wa bwana harusi, watu wamevaa sare, na wote wakayazunguka yale maonyesho. Mwonyeshaji alikuwa na maneno mengi kuliko wa Nanyuki. Aliwafanya watoto wahesabu, akamtania mjomba mmoja mwenye kitambi kwamba yeye peke yake ana ikweta ya kwake, akamimina maji kwa mkono wa kushoto na wa kulia huku akizungumza lugha tatu. Nilimtazama Shangazi nikijua linalokuja.

Halikuja. Ua lilipozunguka alipiga makofi pamoja na wengine, na mwisho akafungua pochi, akatoa noti bila kuomba apunguziwe.

"Mbona huyu hukumwambia asubiri maji yatulie?" nikamuuliza tukirudi garini.

"Yule wa Nanyuki alikuwa anafundisha, na alifundisha vibaya. Huyu anaburudisha." Akafunga mkanda. "Tena ua amelizungusha upande ulio sawa."

Alikuwa ameangalia. Binamu akapiga honi kuwaita waliokuwa bado ndani ya pete. Bibi mmoja wa upande wetu alikuwa amekataa kutoka mpaka apigwe akiwa na wajukuu wote, na mjukuu mmoja alikuwa chooni. Misa ilipangwa saa nane mchana. Tuliingia Masaka saa kumi kasoro, tukakuta bibi harusi bado yuko saluni.